Jina la Arkwright na Kasha la Unga



Maneno yangu ya leo yahusu jina. Si jina la mji wala la mlima, bali ni jina la ukoo wa Kiingereza ambalo wenye kulichukua si wengi, nalo ni Arkwright. Huenda baadhi yenu mmepata kulisoma katika vitabu vya historia, mahali palipoandikwa habari za viwanda vya pamba. Na wengine mnalisikia leo kwa mara ya kwanza. Nimelichagua kwa sababu tatu. Kwanza, maana yake ni wazi, tena yaweza kuthibitishwa. Pili, uchache wake wenyewe una mafundisho. Tatu, nguo walizovaa babu zetu, pwani na bara, zina uhusiano na mtu mmoja aliyekuwa na jina hili, kama nitakavyoeleza.

Yatupasa kwanza kujua majina ya ukoo yalivyopatikana katika nchi ya Uingereza. Watu wengi hudhani kwamba Wazungu wamekuwa nayo tangu mwanzo wa dunia. Sivyo hata kidogo. Hapo kale Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu, nalo lilimtosha, maana kijiji kilikuwa kidogo na kila mtu alimjua jirani yake. Mwaka wa 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaitwaa nchi. Wakubwa wao walikuwa na desturi ya kuitwa kwa majina ya mashamba na ngome zao, na kwa kuwa mtoto alirithi shamba, akarithi na jina. Desturi hiyo ilishuka polepole kutoka kwa mabwana mpaka kwa watu wa mjini, na kutoka mjini mpaka kwa wakulima. Hata ilipofika karibu mwaka wa 1400, jamaa nyingi za Kiingereza zilikuwa na jina la kurithi. Upande wa kaskazini walichelewa kidogo.

Kwa nini jina moja halikutosha tena? Sababu moja ni kwamba majina ya ubatizo yaliyopendwa yalikuwa machache. Kijiji kimoja kiliweza kuwa na akina John kumi na akina William wanane. Basi ukimwita John, wageuka watu kumi. Sababu ya pili ni karani. Mwenye kutoza kodi, mwenye kupima ardhi na mwenye kuhukumu kesi, wote walitaka kujua kwa hakika ni John yupi. Katika miaka ya 1377, 1379 na 1381 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya kichwa, na orodha za kodi hiyo zingalipo mpaka leo kwa sehemu nyingi za nchi. Wasomi wa majina huzipenda sana orodha hizo, kwa kuwa mara nyingine karani ameandika jina la mtu na kazi yake pamoja, nasi twaona jina likizaliwa mbele ya macho yetu.

Waingereza walipata majina ya ukoo kwa njia nne kubwa. Wengine waliitwa kwa mahali walipokaa au walipotoka, kama Hill, yaani kilima, au Preston, ambalo ni jina la mji. Wengine waliitwa kwa baba zao, kama Johnson, maana yake mwana wa John. Wengine waliitwa kwa umbo au tabia, kama Short, yaani mfupi. Na wengine waliitwa kwa kazi ya mikono yao: Smith ni mhunzi, Baker ni mwoka mikate, Taylor ni mshona nguo. Jina letu la leo ni la namna hii ya nne. Arkwright ni jina la kazi.

Na tulikate neno hili vipande viwili, kama afanyavyo fundi atakaye kujua saa inavyokwenda.

Kipande cha mwisho, yaani wright, ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya mtenda kazi, hasa yule aundaye kitu kwa mti. Latoka katika shina moja na neno lao la kazi, ingawa herufi zimebadilishana mahali. Wanafunzi wengi hudanganywa na masikio, wakadhani kwamba ni neno lile la kuandika, maana sauti za maneno haya mawili ni sawa kabisa. Lakini hayana ujamaa. Hata yule atungaye michezo ya kuigiza, ambaye Waingereza humwita playwright, jina lake halina maana ya mwandika michezo. Maana yake ni mwunda michezo, kama vile fundi wetu wa pwani aundavyo jahazi, ubao kwa ubao. Neno hili limezaa majina mengi ya ukoo. Wright peke yake ni fundi tu, bila kutaja afanyacho. Cartwright alitengeneza magari ya kukokotwa. Wainwright alitengeneza magari makubwa ya mizigo. Boatwright aliunda mashua. Plowright alitengeneza plau. Na Sivewright alitengeneza chekeche.

Je, kipande cha kwanza, yaani ark? Hapa msomaji wa Biblia ya Kiingereza atarukia jibu upesi, atasema, Ni safina ya Nuhu. Basi mababu wa watu hawa waliunda merikebu. Nalo ni kosa. Neno hili lilitoka katika Kilatini, ambamo arca ni sanduku au kasha la kuwekea vitu. Katika wilaya za kaskazini ya Uingereza, ark lilikuwa kasha kubwa la mti lililokaa katika nyumba, la kutilia unga wa ngano na wa shayiri. Lilitengenezwa kwa mbao za mwaloni zilizopasuliwa, zikaunganishwa kwa vigingi vya mti bila misumari ya chuma. Kifuniko chake kilikuwa na mgongo kama paa la nyumba, na husemwa kwamba mwanamke aliweza kukiondoa, akakipindua, akakandia unga ndani yake kama katika sinia. Katika nchi yenye baridi na unyevu, unga usipohifadhiwa vema huliwa na panya au huota ukungu, na jamaa hulala njaa kabla ya mavuno. Basi kasha la unga halikuwa pambo. Lilikuwa ghala ya nyumba na amani ya mama wa nyumba. Na aliyelitengeneza ndiye Arkwright, fundi wa makasha.

Hapa niruhusuni nigeuke kando kidogo, maana pana jambo ambalo lapasa kutufurahisha sisi tusemao Kiswahili. Biblia ya Kiingereza hutumia neno hilo moja, ark, kwa vitu viwili: chombo cha Nuhu kilichoelea juu ya gharika, na kile kilichowekwa ndani yake mbao za sheria wakati wa Musa. Mtoto wa Kiingereza hana budi kuelezwa kwamba kimoja ni chombo kikubwa cha kuelea na kingine ni sanduku. Lakini katika lugha ya Kiebrania maneno ni mawili mbalimbali, nasi katika Kiswahili tunayo mawili vilevile: safina kwa Nuhu, na sanduku la agano kwa Musa. Katika jambo hili Kiswahili kimekaa karibu na Kiebrania kuliko Kiingereza. Nasema hivi kwa ajili ya wale wanaosema kila mara kwamba lugha yetu ni maskini wa maneno.

Sasa twaja katika swali la uchache. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1881, watu zaidi ya 400,000 katika Uingereza, Wales na Scotland waliitwa Smith. Watu wa jina la Arkwright ni kikundi kidogo sana wakilinganishwa na hao, na kiini chao ni jimbo moja la kaskazini-magharibi, Lancashire, ambako jina hili limeonekana katika maandiko ya mahakama tangu karne ya 13. Kwa nini mhunzi amejaza nchi nzima kwa jina lake, na fundi wa makasha akabaki katika kona moja?

Jawabu la kwanza limo katika kazi yenyewe. Kila kijiji kilimhitaji mhunzi. Jembe huvunjika, kwato la farasi hudai chuma kipya, kisu huisha makali. Kazi ya mhunzi haina mwisho. Bali kasha jema la mwaloni hudumu vizazi. Baba hulinunua, mwana hulirithi, na mjukuu hulikuta likali imara. Fundi mmoja wa makasha aliweza kutosheleza vijiji vingi, na kadiri kazi yake ilivyokuwa njema ndivyo alivyohitajiwa mara chache. Huyu ni mtu ambaye uhodari wake ulilifanya jina lake kuwa la nadra.

Jawabu la pili ni la lugha. Neno ark kwa maana ya kasha la unga lilikuwa la watu wa kaskazini. Watu wa kusini walikuwa na maneno mengine kwa makasha yao. Kwa hiyo fundi wa kule hakuweza kuitwa Arkwright hata kama kazi yake ilikuwa ile ile. Hivyo jina la mtu laweza kuwa kama lafudhi yake: hutoa habari za mahali alipotoka.

Jawabu la tatu ni la hesabu, nalo lawahusu watu wa mataifa yote. Jina la ukoo kwa desturi ya Kiingereza hupita kwa wana wa kiume. Tuseme wamekuwapo mafundi wanne, kila mmoja na jina lake la pekee. Wa kwanza amezaa binti tu; majina yao yamebadilika walipoolewa, na jina lake limekoma. Wa pili alikuwa na mwana, naye akafa katika vita au kwa tauni kabla ya kuoa, limekoma. Wa tatu ana mwana mmoja, na jina laning'inia kwa uzi mmoja. Wa nne ana wana watano, na baada ya miaka mia jina lake limejaa wilaya. Hapana aliyetenda mema wala mabaya. Ni bahati ya uzazi tu. Mwaka wa 1873 mtaalamu mmoja wa Kiingereza, Francis Galton, aliliuliza swali hili katika gazeti lililosomwa na walimu, akitaka kujua majina ya ukoo hutoweka kwa kadiri gani. Aliyemjibu ni kasisi aliyekuwa mwanahesabu, Henry William Watson. Wote wawili waliandika juu ya jambo hilo mwaka uliofuata, na hesabu waliyoianza hutumiwa mpaka leo katika elimu ya uzazi wa viumbe na ya kuenea kwa magonjwa. Tazameni jinsi swali dogo la majina lilivyozaa elimu kubwa.

Pengine mtauliza, Watu hawa huhesabiwaje? Maandiko ya namna tatu husaidia. Kwanza ni vitabu vya makanisa, ambavyo tangu mwaka wa 1538 vimeandikwa ubatizo, ndoa na maziko ya kila parokia. Pili ni uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo, ulioanza katika Uingereza na Wales mwezi wa Julai mwaka wa 1837. Tatu ni hesabu ya watu, iliyoanza mwaka wa 1801 na kufanywa kila miaka kumi, ila mwaka wa 1941 haikufanywa kwa sababu ya vita, na karatasi za mwaka wa 1931 za Uingereza na Wales ziliteketea kwa moto mwaka wa 1942. Mwaka wa 2016 ilichapishwa huko Oxford kamusi kubwa ya majina ya ukoo ya Uingereza na Ireland, yenye vitabu vinne na majina zaidi ya 45,000. Na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester walipochunguza vinasaba vya watu wengi wenye majina mamoja, waliandika mwaka wa 2009 kwamba wanaume wenye jina la nadra mara nyingi wametoka katika babu mmoja, bali wenye jina kama Smith hawana babu mmoja, kwa kuwa wahunzi walikuwa wengi tangu mwanzo. Basi uchache wa jina una faida yake: mwenye jina la nadra huweza kuifuata njia ya wazee wake kwa urahisi, kama mtu afuataye nyayo za mnyama mmoja mchangani kuliko nyayo za kundi zima.

Sasa nije kwa mtu aliyelitangaza jina hili duniani. Richard Arkwright alizaliwa katika mji wa Preston, jimbo la Lancashire, mwaka wa 1732. Je, baba yake alikuwa fundi wa makasha? La, alikuwa mshona nguo. Kazi ilikwisha kuondoka katika jamaa, na jina likabaki, kama ganda la konokono libakiavyo pwani mwenyewe akiisha kufa. Jamaa yao ilikuwa ya watu maskini wenye watoto wengi, na Richard hakupelekwa shuleni. Alifundishwa kusoma na ndugu yake wa ukoo. Alipokua akajifunza unyozi, kisha akafanya kazi katika mji wa Bolton, akinyoa watu na kutengeneza nywele za bandia walizovaa waungwana wa wakati huo.

Zamani zile nguo za pamba katika Lancashire zilikuwa na kasoro moja. Ninyi mjuao kazi ya kufuma mwafahamu kwamba kitambaa kina nyuzi za namna mbili: mtande, ambazo hutangulia kuwambwa katika kitanda cha mfumi, na mshindio, ambazo hupitishwa katikati. Uzi wa pamba uliosokotwa huko haukuwa na nguvu ya kutosha kwa mtande, hata wafumi wakatumia kitani kwa mtande na pamba kwa mshindio tu. Arkwright, akisaidiwa na fundi wa saa aliyeitwa John Kay, alitengeneza mashine ya kuvuta pamba kwa magurudumu madogo na kuisokota iwe uzi wa nguvu. Mwaka wa 1769 alipata hati ya serikali ya kuilinda mashine hiyo, na mwaka wa 1771 yeye na washiriki wake walianza kujenga kiwanda huko Cromford, katika jimbo la Derbyshire, kikaendeshwa kwa nguvu za maji.

Mimi si mtu wa kusifu bila kupima, na historia haitupi ruhusa ya kuficha. Watenda kazi wengi katika viwanda vyake walikuwa watoto, na saa zao zilikuwa nyingi. Mwaka wa 1779 watu waliochelea kupokonywa riziki walikivunja kiwanda chake kimoja huko Lancashire. Na mwaka wa 1785 mahakama iliziondoa hati zake, baada ya watu wengine kushuhudia kwamba mawazo yale hayakuwa yake peke yake. Mmoja wao alikuwa Thomas Highs, aliyedai kwamba mashine ilikuwa yake. Lakini mali yake ilikwisha kuwa nyingi. Mwaka wa 1786 mfalme alimpa heshima ya kuitwa Sir, na mwaka wa 1792 akafa, akiwa mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi. Viwanda vya bonde lile la Derwent viliingizwa mwaka wa 2001 katika orodha ya dunia ya mahali pa urithi wa wanadamu wote.

Pana habari moja juu yake ambayo mimi, kwa kuwa ni mwalimu, naipenda kuliko habari za mali zake. Inasimuliwa kwamba alipokuwa amekwisha kupita umri wa miaka hamsini, alipunguza usingizi wake kila siku ili apate saa moja ya kujifunza sarufi ya Kiingereza, na saa nyingine ya kutengeneza mwandiko wake. Wazee mnaosema kwamba elimu imewapita, fikirini habari hiyo.

Na nguo za babu zetu, je? Mwaka wa 1789 kijana mmoja, Samuel Slater, aliyekuwa amefundishwa kazi katika kiwanda cha mshiriki mmoja wa Arkwright, alikwenda Marekani kwa siri. Sheria ya Uingereza ilikataza mafundi wa mashine hizo kutoka nchini. Basi alizichukua mashine zote kichwani mwake, bila karatasi. Mwaka uliofuata alizitengeneza upya huko Pawtucket, katika Rhode Island, na viwanda vya pamba vikaenea katika nchi yote ya New England. Mwaka wa 1833 Wamarekani walifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, na merikebu za mji wa Salem zikaleta Unguja kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wa pwani wakakiita merikani, na jina hilo likasafiri pamoja na misafara mpaka Tabora na Ujiji, kikapimwa kwa mikono kama fedha. Tusisahau pia kwamba pamba ya kitambaa hicho ililimwa na watumwa katika mashamba ya kusini ya Marekani. Hivyo uzi mmoja umewafunga kinyozi wa Bolton, mtumwa wa shambani, baharia wa Salem na mpagazi wa Kinyamwezi, wala hapana mmoja wao aliyewajua wengine.

Mabibi na mabwana, sikuwapa habari hizi ili tukae tukistaajabia majina ya wengine. Nawaombeni mtazame majina yetu. Sisi tumo katika hali ile ile waliyokuwamo Waingereza zamani za kodi ya kichwa. Karani ameuliza, Jina la baba? Jina la babu? Nasi tumejibu, naye ameandika. Na jina la babu, ambalo lilikuwa lake yeye peke yake, limeanza kurithiwa na wajukuu na vitukuu. Mtoto aliyezaliwa njiani aliitwa Safari, na aliyezaliwa wakati wa dhiki aliitwa Shida. Leo yuko kijana aitwaye Safari kwa jina la ukoo, ambaye hajui ilikuwa safari gani, wala ya kwenda wapi, wala kwa sababu gani mama yake babu alisafiri hali ya kuwa mja mzito.

Katika chuo nifundishamo ualimu, alikuwapo mwanafunzi mmoja ambaye jina la babu yake, kwa lugha ya kwao, lina maana ya mfua majembe. Wenziwe walimcheka, wakamwita mtu wa masizi, naye akaja kuniomba nimfutie jina hilo katika daftari nimwandikie jingine lenye sauti ya Kizungu. Nilimwuliza, Wajua jina lililo la watu wengi kuliko yote katika Uingereza? Akajibu, Ni Smith. Nikamwuliza, Na maana yake? Hakujua. Nikamwambia, Maana yake ni jina lako. Alinyamaza kwa kitambo, kisha akaomba daftari liachwe kama lilivyo. Wakati wa likizo alikwenda kwao akamwuliza ndugu wa babu yake, akarudi na karatasi nne zilizojaa: mahali chuma kilipochimbwa, miti iliyofaa kwa makaa, miiko ya mvukuto, na bei ya jembe moja kwa mbuzi. Mzee yule alifariki kabla ya masika. Lau kijana angalichelewa likizo moja, mambo hayo yote yangalizikwa pamoja naye.

Basi nawaachieni kazi, kama ilivyo desturi ya mwalimu. Chukueni karatasi, mwandike maswali matatu: nani aliyepewa jina letu kwanza? Alipewa mahali gani? Na kwa sababu gani? Kisha mwendeni kwa mzee wa jamaa, mwanamume au mwanamke, kwa adabu na saburi, mkaandike maneno yake kama ayasemavyo. Jihadharini na kubahatisha, maana mwajua sasa jinsi mtu awezavyo kuligeuza kasha la unga kuwa safina ya Nuhu kwa sababu ya sauti moja. Ikiwa wazee wawili wanasema mbalimbali, andikeni maneno ya wote wawili. Na ikiwa jina ni la wachache, msione haya; la Arkwright ni la wachache. Na ikiwa ni la kazi ya mikono, msione haya zaidi. Kasha la fundi yule lilihifadhi chakula cha watoto wakati wa baridi, na hapana cheo kipitacho hicho.

Mwingereza wa leo atakaye kujua maana ya jina lake hana budi kufungua kamusi, kwa maana wale waliolitoa wamekwisha kufa miaka mia sita iliyopita. Sisi wengi wetu tungali na kamusi zetu zikiota moto jikoni, zikikohoa kidogo na kungoja kuulizwa. Waulizeni upesi.